Alama za Januari, Alama za Machi: Mechi za Konferensi Zinapima Nini Hasa?

Tarehe 27 Januari 2024, katika mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vya Marekani, Caitlin Clark wa Chuo Kikuu cha Iowa aliifunga Nebraska alama 38 na Iowa ikashinda 92-73 bila jasho. Wiki mbili baadaye, 11 Februari, timu hizo zilirudiana mjini Lincoln. Clark alikuwa na alama 31 robo ya tatu ilipokwisha, kisha robo ya nne nzima hakupata hata moja. Pengo la alama 14 likayeyuka, Nebraska ikashinda 82-79. Mara ya tatu ilikuwa fainali ya konferensi ya Big Ten, yaani kundi la vyuo ambamo timu zote mbili zimo, 10 Machi. Hadi mapumziko Clark alikuwa na alama 4 tu. Baada ya hapo, ukihesabu na muda wa nyongeza, alifunga 30, na Iowa ikatwaa kombe kwa 94-89.

Mchezaji yuleyule, wapinzani walewale, ndani ya wiki sita. Ukipiga wastani unapata alama 34 na ushei kwa mechi, namba tamu inayoficha kila kitu cha maana kilichotokea. Mechi ya kwanza inaonyesha kipaji. Ya pili inaonyesha kuwa Nebraska walirudi kwao, wakatazama mkanda, wakapata dawa. Ya tatu inaonyesha kuwa dawa ile ilifanya kazi kwa nusu ya mchezo, kisha mgonjwa akaizoea.

Hapo ndipo penye mzizi wa ubishi unaozuka kila msimu katika mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vya Marekani. Wapo wanaosema mechi za ndani ya konferensi ndizo zinazotenganisha nyota wa kweli na nyota wa magazeti. Wapo wanaosema mechi hizo zinapamba takwimu za watu na kupotosha upangaji wa mashindano ya taifa. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinabishana kwa kutumia namba zisizohusiana na kile wanachotaka kuthibitisha.

Kwa asiyefuatilia kwa karibu: vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza havichezi ligi moja ya taifa. Vimegawanyika katika konferensi, 31 msimu wa 2024-25. Novemba na Desemba timu hujipangia wapinzani kutoka popote. Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi hucheza kati yao wenyewe, kwa kawaida mechi 16 hadi 20, kisha konferensi hufanya mashindano yake ya mtoano. Bingwa wa kila konferensi hupata tiketi ya moja kwa moja kwenda kwenye mashindano ya taifa, yaliyokuwa na timu 68 mwaka 2025. Nafasi zilizobaki, 37 mwaka huo, hugawiwa na kamati. Timu 16 za juu katika orodha ya kamati hucheza raundi mbili za kwanza katika uwanja wao, kwa hiyo mechi moja ya Januari iliyopotezwa ugenini inaweza kukuondolea mashabiki wako mwezi Machi.

Pia kuna fedha. Tangu 2025 kila timu ya wanawake inayoingia kwenye mashindano ya taifa inaiingizia konferensi yake mgawo, na mgawo unaongezeka kadiri inavyosonga mbele. Mfuko wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola milioni 15. Fedha haziendi kwa chuo moja kwa moja. Zinakwenda kwa konferensi, ambayo ndiyo inayogawa. Kwa hiyo makamishna wanapotetea ugumu wa konferensi zao mbele ya kamera, wanatetea pia mfuko wao.

Tuanze na hoja ya wanaozitetea mechi hizi, kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi kiufundi.

Katika mechi ya Novemba dhidi ya chuo kutoka upande wa pili wa nchi, makocha wana siku chache za kujiandaa na mkanda mchache wa kutazama. Mlinzi (yule mchezaji wa nje anayeongoza mpira) anayependa kupenya kwa mkono wa kulia atapenya kwa mkono wa kulia usiku kucha. Ndani ya konferensi mambo ni mengine. Wasaidizi wa kocha wamekusoma kwa miaka mitatu. Wanajua kwamba ukipokea skrini, yaani mwenzako akimzibia beki njia, upande wa kushoto unatupa, na ukipokea upande wa kulia unapenya. Wanajua kwamba faulo ya pili ikija mapema unaacha kurukia mipira. Kwa hiyo wanakushambulia wewe makusudi katika dakika tano za kwanza ili upate faulo mbili ukae benchi, maana kocha wako hataki ufikishe ya tatu kabla ya mapumziko na ya tano inakutoa kabisa.

Mfano mzuri ni jinsi timu zinavyomkabili senta mrefu, mtu kama Lauren Betts wa UCLA ya 2024-25, mwenye sentimita 201. Timu inayokutana naye mara ya kwanza aghalabu humkaba kwa nyuma, mgongo wake ukiwa kifuani mwa beki, na kutuma mtu wa pili mpira ukishamfikia. Kwa mtu wa kimo hicho, msaada huo umechelewa: akishapokea karibu na kikapu anahitaji hatua moja tu. Mara ya pili beki husimama mbele yake ili pasi isimfikie kirahisi, na mwenzake upande usio na mpira husogea karibu na mstari wa mwisho kuwahi pasi ya juu. Hapo senta analazimika kupokea mpira mita tatu au nne kutoka kwenye kikapu badala ya moja. Mpango huo nao una tundu lake. Yule aliyesogea kusaidia ameacha mtu wake kwenye kona, na kutoka kwenye kona hadi kwenye mpira ni pasi mbili za haraka. Mtupaji wa kona akiingiza mitupo mitatu ya alama tatu katika robo moja, kocha anaachana na mpango, na senta anarudi kwenye karamu yake. Ndiyo maana anayesema senta fulani "alipotea" katika marudiano anapaswa kwanza kutazama watupaji wa kona wa timu yake walipata wangapi.

USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles vilivyo katika Big Ten, walionyesha somo hilo lote msimu wa 2024-25. UCLA ilifika 13 Februari haijapoteza mechi. Usiku huo JuJu Watkins wa USC alifunga alama 38, akachukua ribaundi 11 (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa), akatoa asisti 5 na kuzuia mitupo 8. USC ikashinda 71-60. Tarehe 1 Machi USC ikarudia, 80-67, safari hii nyumbani kwa UCLA. Siku nane baadaye, fainali ya Big Ten mjini Indianapolis, UCLA ikashinda 72-67. Mlinzi mwenye bloku nane katika mechi moja ni ajabu, na hiyo ndiyo sehemu ya usiku wa Februari inayostahili kukumbukwa kuliko zile alama 38. Mlinzi anazuia mitupo minane pale tu anapojua wapinzani watapitia wapi.

Wasomaji wa Tanzania wana mfano wao wa zamani, ingawa ni wa upande wa wanaume. Hasheem Thabeet alipokuwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) aligawana tuzo ya mchezaji bora wa konferensi ya Big East mwaka 2009 na DeJuan Blair wa Pittsburgh, kisha akachaguliwa wa pili NBA. Lakini katika mechi ya konferensi ya Februari mwaka huohuo, Blair, aliyepungukiwa na Thabeet kwa zaidi ya sentimita 15, alipata alama 22 na ribaundi 23 mbele yake. Udhaifu wa nguvu za mwili uliokuja kumsumbua NBA ulikuwa umeshaonekana ndani ya konferensi. Waliotazama wastani wa msimu hawakuuona. Waliotazama mechi ile waliuona.

Sasa upande wa pili, na hapa hesabu inakuwa kali.

Thamani ya mechi za konferensi imejengwa juu ya kurudiana. Lakini hebu hesabu. Big Ten ilipokuwa na timu 14 na mechi 18, kila timu ilikuwa na wapinzani 13, hivyo ilirudiana na watano. Tangu 2024, baada ya kuingia UCLA, USC, Oregon na Washington, timu ni 18 na mechi bado 18. Wapinzani ni 17. Unarudiana na mmoja. Konferensi ya SEC nayo, baada ya kuzipokea Texas na Oklahoma, ina timu 16 na mechi 16: wapinzani 15, marudiano moja. Yale marudiano ya USC na UCLA yaliwezekana kwa sababu ni majirani wa Los Angeles waliopangiwa kurudiana. Wengine wote katika Big Ten walikutana nao mara moja, wakaagana.

Hii ina maana kwamba unaposoma "wastani wa alama 22 katika mechi za konferensi" leo, unasoma wastani wa mechi 18 ambazo 16 kati yake ni dhidi ya timu zilizomkabili mara moja tu msimu huo. Miaka kumi iliyopita maneno hayohayo yalikuwa na uzito mwingine. Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba Big East, inayodharauliwa kwa udhaifu wake, ndiyo iliyobaki na marudiano mengi: msimu wa 2024-25 ilikuwa na timu 11, mechi 18, wapinzani 10, na wanane kati yao mlikutana mara mbili. Konferensi zenye wapinzani wagumu zimepoteza marudiano kwa ajili ya mikataba ya televisheni. Iliyobaki na marudiano haina wapinzani wagumu wa kutosha.

Isitoshe, ratiba haina usawa. Timu mbili zinaweza kumaliza na rekodi moja bila kupita njia moja. Mmoja alimkuta bingwa nyumbani, mwingine alimfuata ugenini baada ya kusafiri kutoka pwani ya Pasifiki hadi New Jersey, saa tatu za tofauti ya muda, na siku mbili za kupumzika. Msimu wa 2024-25 South Carolina na Texas zilimaliza SEC zikiwa na rekodi ileile ya 15-1, kila moja imemfunga mwenzake mara moja: South Carolina 67-50 Januari, Texas 66-62 Februari. Nani aingie mashindano ya konferensi akiwa namba 1 kukaamuliwa kwa kurusha sarafu. Mechi 16 za jasho, halafu shilingi inaamua. South Carolina ikashinda sarafu, ikashinda na fainali 64-45, kisha ikaishinda tena Texas 74-57 katika nusu fainali ya taifa. Jumla ya mikutano minne ni 267 kwa 218, na hapo hakuna haja ya sarafu. Texas walikuwa miongoni mwa timu zilizotupa mitupo michache zaidi ya alama tatu nchini. Timu ya namna hiyo ikipitwa kwa alama kumi haina njia ya haraka ya kurudi, na mpinzani anayekujua vizuri analijua hilo kuliko wote.

Kisha kuna UConn, ambayo kila upande huitumia kama ushahidi wake.

Kuanzia msimu wa 2013-14 hadi 2019-20 UConn ilikuwa katika konferensi ya American. Ilicheza mechi 139 dhidi ya timu za konferensi hiyo, ukijumlisha na mashindano yake, ikashinda zote. Wakosoaji wananyoosha kidole kwa 2017, UConn ilipofungwa na Mississippi State 66-64 katika muda wa nyongeza na msururu wa ushindi 111 ukakatika. Wananyoosha tena kwa 2018, Notre Dame 91-89, tena muda wa nyongeza, na 2019, Notre Dame tena, 81-76. Nusu fainali tatu mfululizo, zote zimeamuliwa mwishoni, zote zimepotea. Hoja yao ni kwamba timu isiyowahi kubanwa Januari na Februari haijui la kufanya sekunde kumi zikibaki: nani apokee mpira, faulo ngapi za kutoa, lini kocha aite muda wa mapumziko na lini aache mchezo uendelee.

Hoja hiyo ina mvuto, lakini inasahau kwamba kutoka konferensi hiyohiyo UConn ilitwaa ubingwa wa taifa 2014, 2015 na 2016. Konferensi haikubadilika kati ya 2016 na 2017. Kilichobadilika ni kwamba nyota wao, Breanna Stewart, aliondoka. Udhaifu wa konferensi ungekuwa ndiyo sababu kuu, ungewaangusha pia wakiwa na Stewart.

Msimu wa 2024-25 ulirudia mjadala huo kwa sura nyingine. UConn, ikiwa imerudi Big East, ilishinda mechi zote 18 za konferensi. Ilipoteza tatu tu msimu mzima, zote nje ya konferensi: Notre Dame 79-68, USC 72-70, Tennessee 80-76. Februari ikaenda Columbia ikaifunga South Carolina 87-58 na kukatisha msururu wa wenyeji wa ushindi 71 nyumbani kwao. Kamati iliitazama Big East, ikaipanga namba 2 katika kundi lake, chini ya USC. UConn ikaishinda USC 78-64, ikaibomoa UCLA 85-51, na 6 Aprili ikaifunga South Carolina 82-59 mjini Tampa. Ubingwa wa 12.

Kwa mchezaji mmoja mmoja, mfano ni Paige Bueckers wa UConn hiyo. Alama zake nyingi zaidi katika maisha yake ya chuo ni 40, na hazikuja dhidi ya timu dhaifu ya Big East. Alizipata dhidi ya Oklahoma, timu ya SEC, katika hatua ya timu 16, UConn ikishinda 82-59. Kabla ya hapo alikuwa amefunga 34 dhidi ya South Dakota State, na baada yake 31 dhidi ya USC: alama 105 katika mechi tatu. Wanaosema konferensi dhaifu hupamba takwimu wanatarajia kinyume, kwamba namba zipande Januari na kushuka Machi. Kwake zilipanda Machi, kwa sababu rahisi: timu ikiwa mbele kwa alama 35 robo ya tatu, kocha anamtoa nyota wake. Konferensi dhaifu inaweza kupunguza wastani wa mchezaji kwa kumnyima dakika. Anayelinganisha wastani wa Bueckers wa karibu 20 na wa Watkins wa karibu 24 bila kutazama dakika na idadi ya mitupo analinganisha vitu viwili tofauti.

Je, konferensi ngumu inajenga timu? Mashindano ya taifa ya 2025 yanatoa jibu lisiloridhisha upande wowote. Big Ten ilipeleka timu 12. Hatua ya timu 16 zilibaki tatu: UCLA, USC na Maryland. SEC ilipeleka 10, zikabaki sita. Big East ilipeleka mbili, ikabaki moja, nayo ikawa bingwa. Nionavyo, wingi wa timu za Big Ten ulitokana kwa sehemu na mzunguko wa fahirisi ya NET, orodha ya kukokotoa inayopanga timu kwa ubora, inayotumika kwa wanawake tangu msimu wa 2020-21. Katika mfumo huo, kuishinda nyumbani timu iliyo ndani ya 25 bora, ugenini iliyo ndani ya 45, au katika uwanja usio wa yeyote iliyo ndani ya 35, kunahesabiwa ushindi wa daraja la juu kabisa. Konferensi ikiingia Januari na timu nyingi zenye nafasi nzuri, zitapokezana ushindi wa daraja la juu hadi Machi. Hata kufungwa hakuumizi sana, kwa kuwa umefungwa na timu nzuri. Uzuri uliothibitishwa Novemba dhidi ya watu wa nje unaendelea kulipa faida wakati hakuna mtu wa nje tena wa kuupima.

Hilo linaturudisha kwenye namna ya kusoma takwimu za mechi moja. Kosa la kawaida ni kuanza na alama. Anza na idadi ya mashambulizi. Chukua mitupo yote ya uwanjani iliyojaribiwa, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru ukiwa umeizidisha kwa 0.475. Namba hiyo ya mwisho ipo kwa sababu mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili kwa shambulio moja, ila mara nyingine huja mmoja baada ya kikapu kilichoambatana na faulo. Tuseme timu imetupa mara 62, imechukua ribaundi za kushambulia 11, imepoteza mpira mara 14 na kupata mitupo huru 20. Hayo ni mashambulizi 74 na nusu. Ikiwa imefunga alama 78, imepata takriban 105 kwa kila mashambulizi 100. Timu nyingine iliyofunga 68 kwa mashambulizi 62 imepata karibu 110, na imeshambulia vizuri zaidi ingawa ubao unaonyesha pungufu.

Kwa mchezaji, gawa alama zake kwa mara mbili ya jumla ya mitupo yake ya uwanjani na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.475. Mwenye alama 24 kwa mitupo 22 na mitupo huru 6 anapata kama 0.48. Mwenye alama 18 kwa mitupo 11 na mitupo huru 5 anapata 0.67. Vichwa vya habari vitambeba wa kwanza, na kocha wa timu pinzani hatalala kwa sababu ya wa pili. Tahadhari mbili: ondoa dakika za mwisho za mechi iliyokwisha amuliwa, maana wanaocheza hapo ni wa akiba dhidi ya wa akiba, na mechi ya muda wa nyongeza isihesabiwe kama dakika 40 wakati ilikuwa 45.

Hata hesabu hizo haziponyi upendeleo wa tuzo za konferensi, ambazo huelekea kwa mchezaji mwenye mpira mkononi muda mrefu. South Carolina ya 2024-25 ilifika fainali ya taifa bila mchezaji hata mmoja mwenye wastani wa alama 15. Joyce Edwards, aliyekuwa akitokea benchi mara nyingi, ndiye aliyeongoza kwa alama. Kocha wao, Dawn Staley, hugawa dakika kwa watu tisa au kumi, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayeng'ara kwenye orodha za konferensi. Fainali ya 2024 ilionyesha bei ya upande mwingine: Clark alifunga alama 18 katika robo ya kwanza peke yake, akamaliza na 30, lakini benchi la South Carolina lilifunga 37 na la Iowa halikufunga kitu. Ikawa 87-75. Iowa haikuwahi kukutana na benchi la namna hiyo katika msimu wake wa konferensi.

Mfano mmoja wa mwisho unatuhusu zaidi ukanda huu. Machi 2023, Washington State iliingia mashindano ya konferensi ya Pac-12 ikiwa namba 7. Senta wake alikuwa Bella Murekatete wa Rwanda. Katika siku tano waliitoa California, wakaitoa Utah, wakaitoa Colorado, na katika fainali wakaifunga UCLA 65-61, Charlisse Leger-Walker kutoka New Zealand akiongoza mashambulizi na Murekatete akitawala chini ya kikapu. Pac-12 ya wakati ule ilikuwa na timu 12 na mechi 18. Saba kati ya wapinzani 11 ulikutana nao mara mbili. Timu hizo zilikuwa zinajuana hadi kwenye mifupa, na namba 7 aliwasoma wote.

Kamati ikawapanga namba 5. Mechi ya kwanza ya taifa wakapewa Florida Gulf Coast, namba 12, kutoka konferensi ndogo ya ASUN. Wakafungwa 74-63. Florida Gulf Coast hucheza mchezo ambao timu za Pac-12 hazikuuzoea: wachezaji wote watano nje ya mstari wa alama tatu, mitupo ya mbali mfululizo, na senta wa mpinzani analazimika kutoka chini ya kikapu kwenda kukaba mita saba mbele. Nguvu zilezile za Murekatete zilizoifunga UCLA hazikuwa na mtu wa kumkalia. Ushindi wa Pac-12 ulikuwa wa haki kabisa, ila ulipima uwezo wa kuwashinda watu unaowajua, na Florida Gulf Coast hawakuwa watu hao. Miezi michache baadaye Murekatete alikuwa uwanjani Kigali katika AfroBasket ya wanawake, ambako Rwanda ilimaliza ya nne, dhidi ya wapinzani ambao hakuwa amekutana na wengi wao hata mara moja.

Kwa hiyo anayetaka kutumia mechi za konferensi kumpima mchezaji asiziweke zote kwenye kapu moja. Marudiano yapewe uzito wa kwanza, na mashindano ya konferensi yahesabiwe kama marudiano, kwa sababu katika Big Ten na SEC ya sasa ndiyo nafasi pekee ambayo timu nyingi zinapata ya kuonana mara ya pili. Mechi dhidi ya mitindo isiyozoeleka, za Novemba na Desemba, zipewe uzito wa pili, hata kama zilichezwa wakati timu bado haijakaa sawa. Zile 12 au 13 za katikati, dhidi ya timu za chini zilizokutana naye mara moja na kufungwa kwa alama 30, zinatosha kukuambia kama ni mzima na kama anacheza dakika zake.